Kabla ya kufufua pikipiki ya babu, tafuta mzani

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji, umewahi kuteremka kutoka kwa pikipiki, ukapokea kikombe cha chai na kugundua kwamba vidole vyako havijui vimeshika nini?

Hayo ndiyo yaliyompata babu yangu mzaa mama. Mzee huyu, ambaye ana shamba nje kidogo ya mji wa Kitale, alinunua pikipiki aina ya Triumph, cc 650, mwaka wa 1966. Muuzaji alikuwa mlowezi aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao Uingereza. Babu aliiendesha kwa zaidi ya miaka 20, kisha akaiegesha katika ghala la mahindi, na kuku wakaifanya kiota.

Miaka michache iliyopita sisi wajukuu tulichanga pesa ili ifufuliwe. Injini ilifunguliwa, ikatiwa pistoni mpya, ringi mpya na beringi mpya. Tangi likapakwa rangi likang'aa kama sahani ya arusi. Injini ilipoguruma kwa teke la pili, boma zima lilipiga makofi.

Jumamosi iliyofuata babu alishika njia ya Eldoret, safari ya takriban kilomita 70, kwenda kumwona dada yake. Alifika Moi's Bridge tu. Taa ya mbele ilikuwa imeungua, nati mbili za madigadi zilikuwa zimedondoka njiani, na mikono yake ilikuwa imekufa ganzi hadi kwenye viwiko. Alirudi nyumbani mwendo wa kinyonga, akaiegesha ghalani na kutwambia neno moja lililotuchoma sote:

"Mmeniharibia."

Naam, tulikuwa tumetumia pesa nyingi kuifanya pikipiki ya babu iwe mbaya kuliko tulivyoikuta. Ikiwa nawe una chombo cha aina hiyo kilichofunikwa gunia nyumbani kwenu, au unafikiria kununua kimoja, soma yaliyotupata kabla hujamkabidhi fundi spana.

GWARIDE LA PISTONI

Asili ya tatizo hili iko Uingereza. Mnamo 1937 mhandisi Edward Turner wa kampuni ya Triumph, mjini Coventry, alitoa pikipiki iliyoitwa Speed Twin. Injini yake ya cc 498 ilikuwa na silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, na pistoni zake zilipanda na kushuka kwa pamoja kama askari wawili katika gwaride.

Kupanda ni pamoja, lakini kulipuka ni kwa zamu. Pistoni zinapofika juu, silinda moja huwasha petroli huku nyingine ikimalizia kutoa moshi. Mzunguko unaofuata hubadilishana. Hivyo basi, kila kranki inapozunguka mara moja kuna mlipuko mmoja, mlio unakuwa sawasawa na kabureta moja inatosha kulisha silinda zote mbili. Mpango huo ulipendeza mno hata kampuni za BSA, Norton, Ariel, Matchless na Royal Enfield zikaufuata.

Kasoro yake ni moja. Pistoni mbili zinazopanda pamoja hutikisa injini kama pistoni moja nzito. Injini ilipokuwa ndogo, waendeshaji walivumilia. Lakini wanunuzi walitaka nguvu zaidi. Triumph ikafikia cc 650 mwaka wa 1949 kwa pikipiki iliyoitwa Thunderbird, ikaizindua Bonneville mwaka wa 1959, na kufikia cc 750 katika miaka ya 1970. Kila injini ilipoongezwa ukubwa na kasi, mtetemo nao uliongezeka.

Hebu tupige hesabu kidogo. Katika Bonneville ya cc 650, pistoni husafiri milimita 82 kutoka chini hadi juu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kila sekunde. Maana yake ni kwamba kila pistoni husimama kabisa na kuanza safari upya mara 200 katika sekunde moja.

Kwa kasi hiyo, kila gramu 1 ya pistoni inapofika kileleni huvuta kwa nguvu sawa na uzito wa takriban kilo 2. Gramu 10 huvuta kama kilo 20. Pistoni na vifaa vyake vikiwa na uzito wa nusu kilo, huvuta kama mzigo wa tani moja! Ukipunguza kasi ya injini kwa nusu, nguvu hiyo hushuka hadi robo. Ndiyo maana pikipiki inayobembea kama mashua ikiwa mjini hugeuka kuwa kinu cha kusaga mahindi inapofika kwenye barabara kuu.

MTETEMO HUHAMA

"Kwa nini basi wasiweke uzani wa kuzuia?" huenda ukauliza. Wameweka. Mtu anayebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja huinamia upande wa pili asianguke. Vivyo hivyo, kranki hutiwa chuma kizito upande ulio kinyume na pistoni. Pistoni zikiwa juu, chuma hicho kiko chini, na nguvu hizo mbili hushindana.

Lakini hapa pana mtego. Pistoni hupanda na kushuka tu, ilhali chuma cha kranki huzunguka duara zima. Pistoni zinapokuwa katikati ya safari, chuma kinaelekea mbele au nyuma, na hapo hakuna kinachokipinga. Hivyo uzani uleule uliozuia injini isiruke juu unaisukuma mbele na nyuma.

Kwa ufupi, msomaji, katika injini ya namna hii mtetemo hauondoki. Unahama tu. Kazi ya anayeijenga upya ni kuamua uhamie wapi, kisha ahakikishe kwamba hauongezi mwingine kwa uzembe wake.

Uamuzi huo hupimwa kwa asilimia. Ukiweka uzani wa kupinga asilimia 100 ya vitu vinavyopanda na kushuka, mtetemo wote unakuwa wa mbele na nyuma. Usipoweka kitu, wote unakuwa wa juu na chini. Ukiweka asilimia 50, unagawanyika sawasawa pande zote. Triumph ilitumia asilimia 85 katika injini zake za cc 650 za miaka ya 1960, ambazo zilifungwa moja kwa moja kwenye fremu. Injini ya cc 750 iliyofuata ilitumia asilimia 74. Hakuna nambari moja iliyo dawa ya kila pikipiki, kwa kuwa fremu hutofautiana na kila moja ina mtetemo inaoweza kuustahimili na ule usiouweza. Kwa hiyo anza na nambari ya kitabu cha pikipiki yako, wala usikubali fundi akubunie ya kwake.

"MZANI UKO WAPI?"

Baada ya aibu ya Moi's Bridge, tulimtafuta mzee mmoja aliyefanya kazi ya mashine katika karakana za reli kabla ya kustaafu. Alifika, akaizunguka pikipiki kimya kimya, kisha akauliza maswali mawili.

"Mzani uko wapi? Na uzito wa pistoni za zamani mliuandika wapi?"

Tulitazamana. Hakuna aliyeandika chochote. Pistoni moja ya zamani ilikuwa imegeuzwa na mjomba kuwa chombo cha kutilia jivu la sigara. Ya pili ilikuwa ikizuia mlango wa jikoni usifunguke kwa upepo. Zilikusanywa, zikasafishwa na kuwekwa kwenye mzani mdogo wa dijitali, ule ambao wapishi wa keki hupimia unga.

Pistoni za zamani zilitofautiana kwa chini ya gramu 1. Zile mpya zilitofautiana kwa gramu 9, na iliyo nyepesi miongoni mwazo iliizidi ya zamani kwa gramu 22. Rejea hesabu yetu: gramu 9 ni sawa na kilo 18 zinazovuta upande mmoja wa injini na si upande wa pili. Injini haikuwa ikiruka tu, ilikuwa pia ikiyumba kushoto na kulia.

Kosa halikuwa la aliyezitengeneza. Pistoni za kuongezwa saizi, ambazo hutiwa silinda inapochongwa baada ya kulika, aghalabu huwa nzito kuliko za kwanza. Kosa lilikuwa letu, kwa kuzitia bila kuzipima.

Hivi ndivyo mzee alivyofanya, na ndivyo nawe unavyoweza kumsimamia fundi wako.

Kwanza, alipima kila pistoni pamoja na ringi zake, pini yake na klipu zake. Iliyo nzito aliipunguza ilingane na nyepesi, kwa kukwangua chuma kidogo kidogo upande wa ndani, sehemu ya chini palipo nene. Usiguse kichwa cha pistoni wala mifereji ya ringi. Usizidishe pia, kwani chuma kilichokwanguliwa hakirudishiki.

Pili, alipima konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na kranki. Hizi hupimwa kila ncha peke yake kwa sababu ncha ndogo hupanda na kushuka na pistoni, ilhali ncha kubwa huzunguka na kranki. Ncha moja huwekwa kwenye mzani na nyingine ikaegemezwa, konrodi ikiwa imelala sawasawa. Kuna njia rahisi ya kujua kama umekosea: uzito wa ncha mbili ukijumlishwa sharti ulingane na uzito wa konrodi nzima. Usipolingana, rudia. Ikumbukwe kwamba konrodi za Triumph hizo ni za aloi ya alumini, na mkwaruzo mmoja wa tupa unaokatiza unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Kung'arisha ni kwa kufuata urefu tu.

Tatu, aliifungua kranki na kuisafisha. Ndani yake mna kijibomba kinachonasa uchafu wa mafuta. Wengi hukisahau, na baada ya miaka mingi uchafu huwa mgumu kama lami na kuziba njia ya mafuta ya beringi.

Nne, ikaja hesabu yenyewe. Tuseme vitu vinavyopanda na kushuka vya silinda moja vina gramu 430, na vinavyozunguka vina gramu 310. Asilimia 85 ya 430 ni gramu 365.5. Jumlisha na 310, upate gramu 675.5. Mzee alitengeneza uzani wa bandia wa namna hiyo kwa ajili ya kila upande, akaufunga kwenye kranki mahali pa konrodi. Kisha akailaza kranki juu ya vyuma viwili vilivyonyooka, vilivyosawazishwa kwa pima-maji, ambapo ingeweza kubiringika kwa uhuru.

Kranki iliyosawazika hukaa popote unapoiachia. Ya babu haikukaa. Kila alipoiachia, upande wa konrodi ulishuka chini polepole, kama mtu anayesinzia. Hiyo ilikuwa alama kwamba kwa pistoni zile mpya, upande huo ulikuwa mzito kupita kiasi. Alitoboa tundu dogo kwenye ukingo wa flaiwili upande huohuo, akapima tena, akalipanua kidogo, akapima tena. Kazi hiyo ilimla adhuhuri nzima. Jioni aliiachia kranki mara nane katika mikao minane, na mara zote ilitulia.

Kuna mashine zinazoizungusha kranki kwa kasi na kuonyesha kama upande wa kushoto na wa kulia vinavutana. Ukiweza kuifikia na kuilipia, hiyo ni bora zaidi. Lakini hata njia hii ya vyuma viwili, ikifanywa kwa subira, hushinda kubahatisha.

WAZAZI WENGINE WA MTETEMO

Nilidhani hapo tumemaliza. Mzee alicheka. "Mtetemo una wazazi wengi," alisema. "Huyu ni mmoja tu."

Mzazi wa pili alikuwa ndani ya mkebe wa nati. Humo zilikuwamo vyuma viwili vidogo ambavyo fundi wa kwanza hakujua kazi yake. Hivyo ndivyo vinavyounganisha kichwa cha injini na fremu. Bila hivyo, sehemu ya juu ya injini huyumba kama mgomba kwenye upepo. Aidha, matundu ya bolti zinazoshika injini yalikuwa yamelika. Mzee aliyarekebisha, akatia washa nyembamba palipokuwa na nafasi ili bolti zinapokazwa zisiipinde fremu.

Mzazi wa tatu alikuwa cheche. Bonneville za miaka hiyo zina platini mbili, moja kwa kila silinda. Silinda ya kulia ilikuwa ikiwaka mapema kuliko ya kushoto kwa nyuzi 5. Silinda moja inapofanya kazi ya mbili, hata kranki iliyopimwa kwa mzani wa sonara haitatulia. Baada ya cheche, alitazama kabureta mbili na kuhakikisha kwamba zinafunguka kwa wakati mmoja unapozungusha mkono wa mafuta.

Ushauri wangu, kwa hivyo, ni huu. Ikiwa pikipiki yako inatetemeka na injini haijafunguliwa, anza na hao wazazi wa bei nafuu: bolti za injini, vyuma vya kichwa, cheche, kabureta, cheni na magurudumu. Huenda usihitaji kufungua kranki kamwe. Lakini ikiwa injini imeshafunguliwa na pistoni ni mpya, usithubutu kuifunga kabla ya kupima. Ukifanya hivyo utanunua gasketi mara mbili, kama sisi.

MPIRA WA NORTON

Kuna walioamua kutopigana na mtetemo bali kuufungia. Mnamo 1967 kampuni ya Norton ilionyesha pikipiki yake ya Commando, cc 745. Badala ya kuifunga injini kwenye fremu kwa bolti tupu, injini, gia na gurudumu la nyuma ziliunganishwa pamoja na kuning'inizwa kwa mipira maalumu. Injini iliruhusiwa kucheza juu na chini, mbele na nyuma, lakini si kushoto na kulia. Uzani wa kranki ulikuwa takriban asilimia 52, yaani mtetemo uligawanywa pande zote ili mipira iumeze. Wasomaji wa gazeti la Motor Cycle News waliichagua kuwa pikipiki bora miaka mitano mfululizo.

Anayefufua Commando sharti apime nafasi iliyo kando ya mipira hiyo, ambayo kwa kawaida ni robo ya milimita. Ikibana, mtetemo unarudi. Ikilegea, pikipiki inayumba kwenye kona.

Siku hizi kuna mpango mwingine. Kranki hutengenezwa ili pistoni moja isimame wakati mwenzake anakimbia kwa kasi yake yote. Yamaha ilifanya hivyo kwa TRX850 mwaka wa 1995, na Bonneville mpya ya 2016 ina kranki ya namna hiyo pamoja na mihimili ya kusawazisha. Wapo wanaotia kranki kama hiyo katika injini za kale. Inasaidia, lakini utahitaji pia kemshafti na mpangilio mwingine wa cheche, na mlio utabadilika. Babu alipoelezwa hayo alikataa katakata. Alisema anataka kuisikia pikipiki yake, si ya mtu mwingine.

MIKONO NI YAKO

Kuna wanaojigamba kwamba mtetemo ndio uanaume wa pikipiki za zamani. Wasikudanganye. Mtetemo mkali wa muda mrefu unaweza kudhuru mishipa ya damu na neva za vidole, na wafanyakazi wanaotumia misumeno ya mashine na vyombo vya kutobolea mawe wanaujua ugonjwa huo wa vidole kuwa vyeupe na kufa ganzi. Mbali na mwili wako, tangi linaweza kupasuka kwenye maungio, na petroli inayovujia injini ya moto si jambo la mzaha. Vipini vya mpira mnene, uzani kwenye ncha za usukani, na gia ndefu kidogo ili injini izunguke polepole ukiwa safarini, vyote hupunguza maumivu. Lakini hivyo ni panadoli tu. Tiba ni ile ya mzani.

Tulimaliza kazi hiyo mwezi wa Desemba. Babu hakusema neno. Alivaa koti lake la mvua, akapiga teke, akasikiliza kwa muda, kisha akashika njia ya Eldoret. Mimi na binamu yangu tulimfuata kwa gari nyuma, tukiwa na spana na mioyo ikidunda.

Moi's Bridge aliipita bila kugeuza shingo.

Alipofika kwa dada yake alivua glavu na kuletewa chai. Sote tulikikodolea macho kikombe. Kilitetemeka kidogo, maana pikipiki ile bado ni ya silinda mbili, na mzee mwenyewe amekula chumvi nyingi. Lakini chai haikumwagika.

"Sasa hii ndiyo yangu," alisema.